Nyumba Zilizochorwa kwa Wino

Somo: Luka 19:37-44

Kama Biblia yako iko karibu, ifungue katika Injili ya Luka, mlango wa 19, uweke kidole hapo, maana tutafika kwa kuzunguka kidogo. Kama uko jikoni na mikono imejaa unga, usijali, wewe sikiliza tu.

Leo nataka kuzungumza juu ya picha. Najua redio si mahali pa picha, na tayari kuna mtu anayesema, mchungaji huyu amepotea njia. Lakini picha yenyewe ni ndogo, nayo ni ya wino tu, haina rangi, kwa hiyo hukosi mengi. Ni picha ya nyumba za mjini, iliyochorwa haraka haraka na mtu aliyekuwa akipita.

Picha za namna hiyo huwa hivi. Ukuta ni mstari mmoja. Paa ni mikwaruzo michache. Dirisha ni alama mbili au tatu za kalamu, basi. Mtu anayepita njiani ni nukta ya kichwa na mstari wa mwili, wala hujui kama ni mzee au kijana. Anayeiona mara ya kwanza husema, "Hii hata mtoto wangu wa darasa la tatu angeweza kuichora." Mimi humjibu: mpe huyo mtoto kalamu ya wino, mnyang'anye ufutio, umwambie achore nyumba za ploti yenu kwa dakika kumi. Utaona kazi. Penseli husamehe, lakini wino hausamehe. Mtu anayechora kwa wino, tena kwa haraka, hawezi kuchora kila tofali na kila bati. Ni lazima aache mengi. Kwa hiyo anayetaka kuufasiri mchoro wa haraka asianze kwa kuuliza kama mistari imenyoka. Na aulize hivi: katika haraka yake yote, mtu huyu alikataa kuacha kitu gani? Hapo ndipo utakapoanza kuujua moyo wake.

Mchoraji ninayemfikiria ni Mholanzi, Vincent van Gogh. Wengi mmesikia habari za maua yake ya alizeti, na jinsi picha zake zinavyouzwa kwa mamilioni siku hizi, na kile kisa cha sikio lake. Hayo yote tuyaache. Mimi nataka mwaka 1882, wakati hakuna aliyemjua.

Huyu Vincent alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti, na yeye mwenyewe alitaka sana kuwa mhubiri. Tarehe 29 Oktoba 1876, akiwa kijana wa miaka 23, alihubiri mahubiri yake ya kwanza katika kanisa la Wamethodisti la Richmond, karibu na London. Alichagua Zaburi ya 119, mstari wa 19, mahali ambapo mtunga zaburi anajiita mgeni katika nchi. Mwaka uliofuata akaenda Amsterdam kujitayarisha kwa mitihani ya theolojia. Kilatini na Kigiriki vikamshinda, au tuseme subira ndiyo iliyomshinda. Sisi tuliopita katika chuo cha theolojia tunaweza kumwonea huruma hapo. Kigiriki kimewatoa jasho watu wengi wema. Halafu mwishoni mwa mwaka 1878 akaenda Ubelgiji kuwa mwinjilisti kwa wachimbaji wa makaa ya mawe katika nchi ya Borinage. Huko aligawa nguo zake kwa maskini, akaishi katika kibanda. Halmashauri iliyomtuma haikupendezwa. Mwaka 1879 ikakataa kumwongezea muda, ikisema hana kipawa cha kunena mbele za watu. Mwaka 1880 ndipo aliposhika kalamu ya kuchora kwa bidii.

Basi mwanzoni mwa mwaka 1882 tunamkuta katika mji wa The Hague. Kwetu Wakenya jina la mji huo lina harufu ya mahakama, kwa sababu tulizozijua sote baada ya uchaguzi wa mwaka 2007. Nitarudi kwenye jambo hilo. Lakini katika siku za Vincent, The Hague ulikuwa mji wa wakubwa wa serikali na wa maskini wengi, na yeye alipenda kutembea upande wa maskini. Usiku mmoja alikuwa akitembea na rafiki yake mchoraji, George Hendrik Breitner. Wakapita katika mtaa ulioitwa Paddemoes, karibu na Kanisa Jipya, katika sehemu ya mji walimokaa Wayahudi maskini. Ilikuwa yapata usiku wa manane. Vincent akatoa karatasi akachora nyumba zile papo hapo, na asubuhi yake akaumalizia mchoro ule kwa kalamu ya wino.

Hebu fikiri. Usiku wa manane huwezi kuona kama ukuta wa mtu umepakwa chokaa. Huwezi kuona kama mlango wake ni mpya. Unaona tu nyumba zilivyoegemeana, na mahali ambapo bado pana taa.

Siku chache baadaye, mwezi wa Machi, akaja mgeni. Alikuwa baba yake mdogo, Cornelis Marinus, mfanya biashara ya picha kutoka Amsterdam, mtu mwenye mali. Na kama wafanyavyo akina baba wadogo wenye mali kila mahali, hata Kiambu na hata Kakamega, kabla hajatazama kitu alianza kwa kuuliza habari ya mkate. Kijana wa miaka 28, utaanza kujipatia mkate wako lini?

Katika lugha ya Kiholanzi neno moja tu hubeba maana mbili: kupata kwa kufanya kazi, na kustahili. Kijana akamshika baba yake mdogo hapo hapo kwenye neno. Alimjibu kwa maana ya namna hii: unasema habari ya kupata mkate, au ya kuustahili mkate? Mtu asiyestahili mkate wake, huyo ana kosa. Lakini mtu anayeustahili, ila hajaupata, huyo hana kosa; amepatwa na msiba. Sisi katika Kiswahili tuna heri, maana tuna maneno mawili mbalimbali. Lakini sijui kama tunayatenganisha mioyoni. Mtu akikosa kazi miaka mitatu, watu husema, "Ah, yule," na hilo "yule" lina hukumu ndani yake.

Bwana wetu alitoa mfano juu ya jambo hili katika Mathayo 20. Wale vibarua wa saa ya kumi na moja walikuwa wamesimama sokoni mchana kutwa. Walipoulizwa sababu, walisema hakuna aliyewaajiri. Hawakuwa wavivu, walikuwa wamesimama hapo tangu asubuhi. Na mwenye shamba akawalipa mshahara wa siku nzima, kwa kuwa watoto wao nao hula siku nzima. Ukitaka kuuona mfano huo kwa macho, pita barabara za viwandani Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, uwaone vijana waliokaa kwenye mageti. Kisha pita tena saa nane mchana. Utawakuta wengine bado wapo.

Turudi kwa mgeni wetu. Baada ya maneno yale alikubali kutazama michoro. Mchoro uliomvutia ulikuwa ule wa Paddemoes, wa usiku wa manane. Akauliza, unaweza kunifanyia mingine? Akaagiza michoro 12 ya mji, bei ikawa gilda 2 na nusu kila mmoja, yaani gilda 30 kwa yote. Kwa Vincent hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kuagizwa. Baadaye baba mdogo akaagiza mingine. Kijana akaifanya kwa uangalifu mkubwa zaidi. Akalipwa gilda 20, chini ya alivyotumaini, pamoja na neno la kumkaripia kwamba michoro ya namna hiyo haina thamani sokoni.

Mimi simlaumu sana yule mzee. Yeye alikuwa mfanya biashara, na mfanya biashara huitazama picha ya nyumba akauliza itauzwa ngapi. Hiyo ni namna moja ya kufasiri. Lakini tuone mchoraji mwenyewe alikuwa akiona nini.

Alikuwa amepanga chumba pembeni mwa mji, katika barabara ya Schenkweg. Nyuma ya dirisha lake palikuwa na ua wa seremala, na mahali pa kufulia nguo, na nyumba ndogo ndogo, na mbele zaidi malisho ya ng'ombe. Mwezi wa Mei aliuchora ua huo kwa penseli na wino, na mchoro huo uko hata leo katika jumba la makumbusho la Kröller-Müller, huko Uholanzi. Ukiutazama unaona mbao zilizopangwa, vibanda, ua za mbao, nguo zilizoanikwa, na watu wadogo sana wakiwa kazini. Huo si mchoro wa haraka. Aliupima kwa uangalifu, maana alitumia kifaa fulani, fremu ya mti iliyofungwa nyuzi, aliyoitazamia kama mtu anavyotazama kupitia dirisha, ili kila kitu kikae mahali pake.

Na katika barua aliyomwandikia ndugu yake Theo mwezi wa Julai mwaka ule ule, anaeleza jinsi alivyokaa kwenye dirisha la darini saa kumi alfajiri. Anataja mapaa ya vigae vyekundu, na njiwa weupe wakiruka kati ya mabomba meusi ya moshi. Lakini anataja pia kwamba ni saa ambayo katika nyumba zile ndogo watu wanawasha moto wa kuchemshia kahawa, na mfanya kazi wa kwanza anaingia uani akijikokota.

Umesikia, msikilizaji? Moshi kwake haukuwa mkwaruzo wa kalamu wa kupamba paa. Moshi ulikuwa na maana kwamba mama fulani ameamka, amepiga magoti jikoni, na mume wake ana zamu ya asubuhi. Mtu aliyekaa dirishani alfajiri baada ya alfajiri, siku akichora mkwaruzo mmoja juu ya paa, mkwaruzo ule ni wa kweli. Na mtu asiyekaa, hata akichora tofali zote moja moja, atakuwa amechora ukuta tu. Hiyo ndiyo siri ya mchoro wa haraka. Mkono ndio ulio na haraka. Jicho lilikuwa limeshakaa hapo muda mrefu.

Kuna jambo moja zaidi juu ya chumba kile cha Schenkweg, nami nitalisema kwa adabu kwa sababu watoto nao wanasikiliza. Mwezi wa Januari mwaka huo Vincent alikutana na mwanamke maskini sana, Sien Hoornik, mgonjwa, mja mzito, ana mtoto mwingine, na mwanamume aliyehusika amemwacha. Alimchukua akamtumia kama kielelezo cha kuchora, akamlipia chumba, akagawana naye mkate. Baadaye wakakaa pamoja. Ukoo wake ulikasirika sana. Wao walipoifikiria nyumba ile waliona aibu tu. Sisemi kwamba mambo yake yote yalikuwa sawa mbele za Mungu, wala nyumba yenyewe haikudumu. Mwezi wa Septemba 1883 aliiacha akaenda zake. Lakini mtoto alizaliwa mwezi wa Julai 1882, na palikuwa na kitanda cha kumlaza. Wale waliokuwa na nyumba kubwa zaidi hawakuwa wamempa.

Sasa nina jambo zito kidogo. Nimesema mtaa ule wa usiku wa manane ulikuwa wa Wayahudi. Miaka 60 baada ya mchoro ule, nchi ya Uholanzi ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Hitler. Nao pia walizitazama nyumba za mji. Nao pia waliuliza, ni nani aliye ndani? Waliandika majina, wakaandika anwani, mlango kwa mlango. Tangu mwaka 1942 Wayahudi wakatolewa katika nyumba zao, wakapakiwa katika magari moshi. Katika Uholanzi yote waliouawa walizidi watu 100,000. Yaani kuuliza ni nani aliye ndani hakutoshi. Mtu aweza kuuliza swali hilo hilo akiwa na nia ya kuua.

Na sisi tusiseme hayo ni ya Wazungu. Mwanzoni mwa mwaka 2008, hapa kwetu, watu walizifasiri nyumba za majirani zao kwa haraka mno. Nyumba hii ni ya nani? Ya kabila gani? Alimpigia nani kura? Nyumba ya wetu ikaachwa, nyumba ya wao ikachomwa. Tarehe mosi Januari, kule Kiambaa karibu na Eldoret, hata kanisa walimokimbilia akina mama na watoto lilitiwa moto. Watu zaidi ya 1,100 walikufa katika siku zile, na wengine kwa mamia ya maelfu wakalala katika mahema. Waliochoma hawakuwa wageni kutoka mbali. Wengi walijua jina la mwenye nyumba, walikuwa wamekunywa chai katika nyumba ile. Hilo ndilo linalonitisha mimi kama mchungaji. Jicho lilikuwa limekaa hapo miaka mingi, wala halikuona.

Kuna na mchoro mwingine tunaoujua mijini mwetu, wa haraka kupita yote. Ni mistari miwili tu ya rangi nyekundu, umbo la X, inayopakwa kwenye ukuta au mlango wa nyumba inayotakiwa kubomolewa. Mtu mwenye kopo la rangi huweza kuchora nyumba mia kwa asubuhi moja. Mwezi wa Novemba 2021 tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kwa ajili ya barabara, na maelfu ya watu wakalala nje juu ya vifusi. Mwezi wa Mei 2024, baada ya mafuriko makubwa, zikafika kando ya mto Mathare. Mimi si mhandisi. Najua mto ukifurika unaua, na wako waliokufa kweli katika mafuriko yale, na najua serikali ina wajibu wa kuwaondoa watu mahali pa hatari. Lakini alama ile ya X haisemi hatari wala haisemi msaada. Inasema tu, nyumba hii tumeshamaliza kuihesabu. Haina dirisha. Aliyeichora hakutakiwa kujua kama ndani kuna mtahiniwa au mzee asiyeweza kutembea.

Katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 12, tunasoma juu ya alama nyingine iliyotiwa milangoni, pia kwa haraka, usiku, watu wamekwisha kufunga viuno wasafiri. Alama ile iliwekwa na wenye nyumba wenyewe, kwa damu ya mwana-kondoo, kusudi wale waliokuwa ndani wapone.

Basi sasa tazama mahali ulipoweka kidole chako. Luka 19. Mlango huu unaanza na nyumba moja, unaishia na mji mzima, nami nadhani Luka hakuyaweka pamoja bure. Nyumba ile ni ya Zakayo. Watu wote wa Yeriko walikuwa wameshaifasiri: ni nyumba ya mwenye dhambi, na anayeingia humo anajichafua. Walinung'unika wote, asema Luka, si baadhi yao. Bwana Yesu akaingia. Naye Zakayo akasema maneno yale juu ya nusu ya mali yake.

Halafu anapanda kwenda Yerusalemu. Katika kuteremka mlima wa Mizeituni umati unaimba na kushangilia, nguo zimetandikwa njiani. Ukiwa juu ya mlima ule mji wote uko mbele yako, kuta na hekalu na mapaa. Marko anatuambia, katika mlango wake wa 13, kwamba mmoja wa wanafunzi baadaye alimwonyesha Bwana yale mawe na majengo kwa kuyastaajabia. Na kweli hekalu lile la Herode lilikuwa ajabu. Mimi mwenyewe nikifika Nairobi kutoka mashambani hunyosha shingo kutazama majumba marefu ya Upper Hill, siwezi kumlaumu mwanafunzi yule. Lakini Yesu alipouona mji, alilia. Soma mwenyewe mstari wa 41. Na ukiendelea mpaka wa 44, utaona anasema juu ya adui watakaouzunguka mji na kuuangusha chini, jambo lililotokea kweli mwaka 70, Warumi walipokuja. Lakini angalia anachokitaja kabla hajataja mawe. Anataja watoto walio ndani yake. Yuko juu ya mlima, mji uko ng'ambo ya bonde, watoto hawaonekani kutoka pale. Yeye anawaona.

Sasa tuje kwetu. Katika kanisa tuna desturi ya kutembeleana nyumbani, na ni desturi njema. Lakini mara nyingi tunafasiri nyumba kabla hatujabisha. Geti jeusi refu lenye mlinzi, tunasema, hao hawamhitaji Mungu, tupite. Kumbe ndani kuna mjane ambaye hajazungumza na mtu tangu Jumapili. Chumba cha mabati kule bondeni, tunasema, hao leo wapo kesho wamehama, tusiwaandike kwenye daftari. Na zile ghorofa za Pipeline kule Embakasi, orofa saba au nane, milango kama masanduku ya posta, hizo hatusemi neno, tunazitazama tu kutoka kwenye matatu.

Na ghorofa zile zina maandishi, kwa mtu ajuaye kusoma. Tazama nguo zilizoanikwa. Akina mama wetu wa kanisa wanajua kusoma nguo kuliko mchungaji yeyote. Nepi mpya: hapa amezaliwa mtoto, na labda hakuna wa kumpikia mama uji. Sare ya shule moja pale ambapo mwezi uliopita zilikuwa tatu: hapa karo imekuwa shida. Mashati ya mwanamume peke yake, kila wiki, mahali palipokuwa na magauni. Kamba iliyo wazi kwa siku kumi. Mtu anayetafuta habari za kusengenya huzisoma nguo hizo hizo, nasi tunamjua, yuko katika kila ploti. Anasoma vizuri sana, ila habeba uji.

Kuna mzee mmoja wa kanisa katika parishi ya mjini ambaye jioni moja alichukua kalamu ya wino akachora milango ya orofa anayokaa. Si mchoraji, alichora masanduku tu, mstari upande huu na mstari upande ule, milango 14. Halafu akaanza kuandika majina ndani ya masanduku. Ameishi hapo miaka sita. Alijua majina manne, na mawili kati ya hayo yalikuwa majina ya watoto, kwa kuwa huwasikia wakiitwa. Akakaa akitazama masanduku kumi matupu. Halafu akavaa viatu, akaenda akabisha mlango wa tano.

Alimkuta bibi mzee analea wajukuu wawili. Mama yao alikwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani, na tangu Februari hajapiga simu. Bibi hakuwa amemwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Mzee wa kanisa hakuwa na jibu la kumpa. Alikaa akanywa chai, akaandika jina la binti yule na jina la wakala aliyempeleka, akasema atakwenda kuuliza pamoja naye katika ofisi zinazohusika. Wamekwenda mara mbili. Jumapili iliyopita bibi alikuja kanisani na wajukuu, wakakaa benchi ya nyuma karibu na mlango, kama wafanyavyo wageni.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyeuona mji kutoka mlimani ukaulilia, uwaangalie wanaowasha moto saa hii katika nyumba ndogo, na wanaosimama mageti kutafuta kibarua. Uwaangalie walioamka leo wakakuta alama nyekundu kwenye ukuta wao. Uwaangalie wajane walio nyuma ya mageti makubwa. Umkumbuke binti yule aliye mbali katika nyumba ya watu, nasi hatujui ni nyumba gani, wewe wajua mlango wake. Umfungulie njia ya kupiga simu kwa mama yake. Na ile milango tisa iliyobaki katika orofa ya ndugu yetu, umpe nguvu ya magoti aifikie, maana ngazi ni nyingi na yeye si kijana. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.